Mke wa Kibarua wa Mashambani Uingereza: Yanayodhaniwa na Yaliyokuwa Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mke wa kibarua wa mashambani nchini Uingereza, katika karne ya 19, alikaa nyumbani akipika na kulea huku mumewe akitafuta riziki. Dhana hii ina chanzo chake: katika sensa za wakati ule, safu ya kazi mbele ya jina la mke mara nyingi iliachwa tupu, na waliozisoma karatasi hizo baadaye wakaamini kwamba pasipoandikwa kazi hapakuwa na kazi. Hesabu ya mshahara peke yake inatosha kuikanusha. James Caird, aliyezunguka mashamba ya Uingereza mwaka 1850 na 1851, alikuta kibarua wa kusini akilipwa wastani wa shilingi 8 na peni 5 kwa wiki, ilhali wa kaskazini, ambako viwanda na migodi viligombea wafanyakazi, alipata shilingi 11 na peni 6. Ujira huo wa kusini haukutosha kuilisha familia yenye watoto wanne, na aliyeziba pengo alikuwa mama.

Aliokota mawe shambani, alipalilia, aling'oa viazi, alifunga miganda wakati wa mavuno, na nyumbani alifua nguo za watu. Katika Bedfordshire na Hertfordshire alisuka ukili, na ninatumia neno hili kwa makusudi, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ileile anayoijua msukaji wa mikeka wa pwani yetu, isipokuwa kwamba mahali pa miyaa palikuwa na mabua ya ngano. Mabua yalipasuliwa kwa kijichuma chenye makali, yakalowanishwa mdomoni ili yasikatike, kisha yakasukwa kuwa ukanda mrefu uliouzwa sokoni Luton au Dunstable ili kushonewa kofia. Midomo ilichubuka. Biashara ilipokuwa nzuri, mke aliweza kuleta nyumbani fedha zinazokaribia za mumewe, mpaka ukili wa bei nafuu kutoka China na Japani ulipoiua kazi hiyo kuelekea mwisho wa karne.

Kazi nyingine ambayo haikuhesabiwa popote ilikuwa kuokota masazo. Kama Ruthu katika konde la Boazi, wanawake na watoto waliingia shambani baada ya mavuno na kukusanya masuke yaliyoachwa, wakapata unga wa wiki kadhaa. Mwaka 1788 mahakama iliamua kwamba maskini hawakuwa na haki hiyo kisheria, lakini desturi iliendelea katika vijiji vingi kwa miongo mingi. Nani angethubutu kusema kwamba unga ule haukuwa pato la familia?

Wengine hudhani kwamba, hata kama fedha zilikuwa chache, anayeishi mashambani hakosi chakula. Ukweli ni mchungu. Sheria nyingi zilizopitishwa kati ya 1750 na 1850 ziliyazungushia ua malisho ya pamoja, na familia nyingi zikapoteza mahali pa kulisha ng'ombe na kuokota kuni. Daktari Edward Smith, aliyechunguza lishe ya maskini kwa niaba ya serikali mwaka 1863, alikuta kwamba nyama kidogo iliyopatikana ilitengwa kwa ajili ya baba ili apate nguvu za kazi, huku mama na watoto wakila mkate, viazi na chai. Ngano ililimwa mbele ya mlango wake, lakini haikuwa yake.

Si kweli pia kwamba wasichana waliolewa wangali wadogo na kuishi katika kaya kubwa za ukoo. Wastani wa umri wa mwanamke kuolewa ulikuwa kama miaka 24 au 25, na kaya ya kawaida ilikuwa na watu wasiofika watano, kwa sababu binti alipofika miaka 12 au 13 aliondoka kwenda kuwa mtumishi wa nyumbani kwa watu.

Inasemwa tena kwamba walikuwa wajinga na wanyenyekevu. Ni kweli kwamba karibu mwaka 1841 nusu ya maharusi wa kike waliweka alama badala ya saini, lakini nusu nyingine waliandika majina yao. Tena, karne nzima kabla ya hapo, mwaka 1739, Mary Collier, mfuaji nguo wa Petersfield, alichapisha shairi la kumjibu mshairi kibarua aliyewadharau wanawake wa shambani.

Ama kuhusu unyenyekevu, tuwatazame wanawake wa Ascott-under-Wychwood, Oxfordshire. Mwaka 1873 waume zao walikuwa katika mgomo wa chama cha vibarua kilichoanzishwa mwaka uliotangulia na kuongozwa na Joseph Arch. Mwenye shamba alileta vijana wawili kutoka kijiji kingine, na wanawake wakawazuia njiani wasiende kazini. Mahakimu wawili, wote makasisi, waliwahukumu wanawake 16 kifungo cha siku 7 au 10 pamoja na kazi ngumu, na baadhi yao waliingia gerezani na watoto wachanga mikononi. Hasira ilienea nchi nzima, na mwaka 1875 Bunge lilipitisha sheria iliyowaruhusu wagomaji kusimama kwa amani mahali pa kazi na kuwaeleza wenzao habari za mgomo.