Hasara ya Ubaguzi wa Rangi kwa Uchumi na Jamii

Mjadala kuhusu ubaguzi wa rangi aghalabu huishia kwenye maadili, na si vibaya, kwa kuwa kumdhalilisha mtu kwa sababu ya rangi yake au asili yake ni kosa hata pale ambapo hakuna senti iliyopotea. Wachumi, hata hivyo, wana jambo la kuongeza: gharama ya ubaguzi haimwelemei anayebaguliwa peke yake, bali hulipwa na taifa zima, wakiwemo wale wanaodhani kwamba unawanufaisha.

Hasara huanzia pale kipaji kinapozuiwa kufika kinapohitajika. Migodi ya Afrika Kusini inalionyesha jambo hili waziwazi. Marekebisho ya Sheria ya Migodi na Mitambo ya mwaka 1926 yaliwanyima Waafrika na Wahindi vyeti vya umahiri vilivyotakiwa kwa kazi za ufundi, kikiwemo cha ulipuaji wa baruti. Mchimbaji Mwafrika angeweza kutoboa miamba kwa miaka mingi, akaijua kuliko msimamizi wake, lakini kusimamia ulipuaji kukabaki kuwa kazi ya Mzungu aliyelipwa mara kadhaa zaidi yake. Mwaka 1953 ikaja Sheria ya Elimu ya Kibantu, iliyowatengea watoto wa Kiafrika elimu duni kwa makusudi. Kufikia miaka ya 1970, viwanda vya nchi hiyo vililalamikia uhaba wa mafundi. Uhaba huo haukuwa bahati mbaya, ulitungwa bungeni.

Marekani nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1960, asilimia 94 ya madaktari na wanasheria wake walikuwa wanaume weupe. Kufikia 2010 kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 62. Uchambuzi wa kiuchumi uliochapishwa mwaka 2019 unakadiria kuwa kati ya asilimia 20 na 40 ya ukuaji wa pato kwa kila mtu katika kipindi hicho ulitokana na kupungua kwa vikwazo vilivyowazuia wanawake na watu weusi kuingia katika kazi walizozimudu.

Vikwazo vilivyobaki ni vigumu kuviona, kwa sababu havijaandikwa popote. Katika jaribio lililofanywa Boston na Chicago, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004, watafiti walituma kwa waajiri wasifu wapatao 5,000 wa waombaji wa kubuni, wenye sifa zinazolingana ila majina tofauti. Waombaji wenye majina yanayohusishwa na Wazungu waliitwa kwa usaili takriban asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayohusishwa na watu weusi. Huenda hakuna hata mmoja wa waajiri hao angekiri kuwa ni mbaguzi.

Kufuta sheria ya kibaguzi hakufuti matokeo yake, na hapa ndipo watunga sera wengi hujidanganya. Katika miaka ya 1930, shirika la serikali ya Marekani lililoshughulikia mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mikopo, ikiwemo karibu mitaa yote ya watu weusi. Ubaguzi katika makazi ulipigwa marufuku mwaka 1968, lakini familia iliyokosa mkopo haikuwa na nyumba ya kurithisha wala ya kuweka dhamana ili kufungua biashara. Isitoshe, shule za huko hutegemea kwa kiasi kikubwa kodi ya majengo ya eneo husika, hivyo mtaa ulionyimwa mtaji uliendelea kupata shule zenye fedha kidogo.

Kwa upande wa jamii, kinachoharibika kwanza ni imani. Raia anayetarajia kudhulumiwa polisi hapeleki taarifa za uhalifu, na mgonjwa aliyezoea kudharauliwa huchelewa kwenda hospitali mpaka ugonjwa unapokuwa mzito na ghali kutibu.

Sheria ni ya lazima, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1965 wa kutokomeza aina zote za ubaguzi wa rangi umeweka msingi wake. Lakini sheria bila upimaji ni maandishi tu. Mamlaka za kazi zinaweza kufanya majaribio ya wasifu mara kwa mara, benki zikatakiwa kueleza ni nani walionyimwa mikopo na kwa sababu gani, na waajiri wakaficha majina ya waombaji katika mchujo wa kwanza. Hatua hizi ni za gharama ndogo, na matokeo yake yanaweza kuhesabiwa.