Trekta Kuukuu Likaguliwe Kuanzia Nyuma

Mvua za vuli zinapokaribia, simu ya karakana yetu haitulii. Swali huwa lile lile: "Mwalimu, nimeona Massey 135 huku kijijini, nichukue?" Nami huuliza: umelitazama upande gani? Karibu wote wamefungua boneti, wakasikiliza injini inavyounguruma na kutazama moshi. Nyuma hawakufika. Kwa trekta la umri huo, injini ndiyo inayonipa hofu ndogo kuliko vyote.

Massey Ferguson 135 lilianza kuundwa mwaka 1964, na mengi tunayoyaona huku yalitoka kiwanda cha Coventry, Uingereza. Injini yake ya dizeli ni Perkins AD3.152, silinda 3, lita 2.5, nguvu za farasi zipatazo 45. Injini hiyo hiyo iliingia baadaye kwenye MF 240, ndiyo maana pistoni, ringi, beringi na gasketi zake bado zinauzwa madukani. Silinda zake zina slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazotolewa na kupachikwa nyingine. Fundi anayejua kazi huishusha, akapeleka krenki kuchongwa, akafunga slivu mpya, na trekta likarudi shambani. Fedha itakutoka, lakini unaweza kupiga hesabu yake kabla hujanunua.

Nyuma huwezi kupiga hesabu hiyo. Trekta hili halina chasisi kama lori. Injini, boksi ya gia na difu (gia za ekseli ya nyuma) ni masanduku ya chuma cha kasti yaliyoshikanishwa kwa bolti, na hayo masanduku ndiyo uti wa mgongo wake. Sanduku likipasuka, kulichomelea ni kubahatisha, maana kasti ikipashwa moto vibaya hupasuka tena pembeni mwa weldi.

Mkulima mmoja aliwahi kutuletea la kwake likiwa jekundu linang'aa, limepakwa rangi juma lile lile. Injini iliwaka kwa mpigo mmoja. Tulichukua tambara lenye dizeli tukasugua pale injini inapokutana na boksi ya gia. Rangi ikatoka, ikafuata lipu ya gundi ya chuma, na chini yake ufa wa urefu wa kiganja uliokuwa ukivuja oili. Alikuwa ameshalipa. Tangu siku hiyo kila anayetuuliza tunamwambia aende na tambara, dizeli na tochi, na muuzaji akikataa maungio yasisuguliwe, aage kwa heshima arudi nyumbani.

Ukimaliza maungio, nenda kwenye haidroliki, yaani mfumo unaonyanyua zana kwa msukumo wa oili. Mfumo wa mikono mitatu uliobuniwa na Harry Ferguson ndio uliofanya trekta dogo libebe plau mgongoni badala ya kuiburuta kama mkokoteni. Katika 135, pampu ya haidroliki imezama ndani ya sanduku la nyuma, ikitumia oili ile ile ya gia na difu. Kwa hiyo oili ikiharibika, vyote vitatu vinaumwa pamoja. Chomoa kijiti cha oili ya nyuma. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yamepita kwenye mpira uliochanika pale wenzo wa gia unapoingilia, kwa sababu trekta limelala nje masika kadhaa. Kumwaga oili na kujaza mpya ni rahisi. Beringi zilizokwishapata kutu hazirudi.

Kisha funga plau ya diski, iinue hadi juu, uzime injini. Plau ikifika chini kabla hujamaliza kikombe cha chai, oili inavuja mahali. Huenda ni sili na ringi za silinda ya kunyanyulia, ambazo si ghali. Ikiwa inapanda kwa kushtukashtuka huku injini inaunguruma, tatizo liko kwenye vali au pampu, na hapo sanduku litafunguliwa. Jaribio hili lifanywe na zana nzito kweli kweli. Mikono mitupu hupanda hata kwa pampu iliyochoka.

Baadhi ya matrekta haya yana Multi-Power, kiwenzo kidogo kwenye dashibodi kinachobadilisha mwendo bila kukanyaga klachi. Hili naomba lisomwe polepole, kwa kuwa wengi hununua bila kuambiwa. Kiwenzo kikiwa upande wa mwendo mdogo, injini haizuii magurudumu. Ukiteremka mlima na tela la mahindi, trekta litajiachia kama baiskeli, na breki peke yake haziwezi kulibeba tela. Kabla ya mteremko ingiza gia ndogo, kiwenzo kiwe upande wa mwendo mkubwa, na uanze kushuka hivyo tangu juu.

Sasa injini. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika uiguse: ikiwa na joto, rudi kesho asubuhi. Moshi wa bluu usiokwisha ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto ni nozeli mbovu za dizeli au kompresheni hafifu. Fungua bakuli la oili la kichujio cha hewa. Likiwa kavu au limejaa tope gumu, injini imekuwa ikivuta vumbi la shamba moja kwa moja, na vumbi hula slivu kama msasa. Ukilinunua, wakati wa kiangazi bakuli hilo lisafishwe kila siku ya kazi. Pampu ya dizeli nayo hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huikausha ikasagika. Nunua kituo unachokiamini hata kama kiko mbali.

Linganisha pia namba kwenye kibati cha dashibodi na kadi ya usajili kabla ya fedha kubadilisha mikono.

Kuhusu kulifanyia trekta marekebisho, Kongwa, kule Dodoma, ilishaona mengi. Katika mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, Waingereza walileta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, vikaitwa Shervick, na ardhi ile ngumu na pori lake vikawashinda. Siku hizi tunachokutana nacho ni kidogo zaidi, lakini kinaumiza. Thamostati hutolewa "ili injini isichemke". Injini hiyo sasa inafanya kazi ikiwa baridi, dizeli haiungui yote, nyingine inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili. Ikiwa inachemka, safisha rejeta na ukaze fenbelti, thamostati irudi mahali pake. Kifuniko cha shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha mashine zilizofungwa kwenye trekta, nacho huvunjika kikatupwa. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikishika pindo la kanga au mkono wa shati, mtu hana muda hata wa kupiga kelele. Nunua kifuniko kabla ya kununua rangi.

Marekebisho ninayoyasihi ni mawili tu. La kwanza, ndoano ya kuvutia ibaki chini, kwenye upau wa kuvutia. Lori likikwama matopeni, watu hufunga mnyororo kwenye ekseli au mkono wa juu, na trekta huinua pua na kumpindukia dereva mgongoni kabla hajagusa klachi. La pili ni upinde wa chuma wa kumkinga dereva trekta linapopinduka. Sweden ilianza kuulazimisha kwa matrekta mapya mwaka 1959, lakini mengi ya zamani yaliyoko kwetu hayana. Utafutwe ulioundwa na kupimwa kwa aina hiyo ya trekta na ufungwe kwa bolti zake. Bomba la maji lililopindwa na fundi wa mageti hujikunja kama mkebe. Upinde ukishafungwa, ongeza mkanda wa kiti, dereva ajifunge kila anapopanda. Trekta lisilo na upinde lisiwekewe mkanda, maana litakapopinduka litamshikilia dereva chini yake.