Mzee Rukhsa alivyotuaga tukiwa tumemchoka

Kila ninapofundisha miaka ya Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania tuliyembandika jina la Mzee Rukhsa, swali moja haliniishii: "Mwalimu, wewe ulimpenda?" Wanafunzi wangu wamezaliwa baada ya 2000. Wanamjua babu mcheshi wa kanzu na kofia, yule aliyezikwa Mangapwani Machi 2, 2024 huku watu wa vyama vyote wakimmwagia sifa. Ninapowaambia kwamba mwaka 1995 nchi ilikuwa imemchoka, wananitazama kama nimemsengenya marehemu.

Lakini tulimchoka kweli. Augustino Mrema, waziri aliyewahi kumshikia Mambo ya Ndani na hata kuwa Naibu Waziri Mkuu, alihamia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi mwaka huo akiwa na ajenda moja kubwa, rushwa, na vijana wakawa wanalisukuma gari lake barabarani kwa mikono. Kwenye kura za urais alipata karibu asilimia 28, upinzani ukiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mwaka uliotangulia wahisani walikuwa wamezuia misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa kama njugu. Mwalimu Nyerere naye alizunguka nchi akisema Ikulu ni mahali patakatifu, si pango la walanguzi, na kila aliyemsikiliza alijua anamsema nani. CCM yenyewe ilimnadi Benjamin Mkapa kama "Bwana Msafi". Ukimwita mgombea wako msafi, wewe uliyeko madarakani, umeshajisema mwenyewe.

Sisi tunaosoma siasa tuna mazoea ya kutenganisha: hapa mtu, kule serikali yake. "Alikuwa mwema, ila waliomzunguka walimwangusha." Kwa Mwinyi naiona njia hiyo kuwa ya mkato. Upole uliomfanya apendeke ndio huohuo uliowapa watu wake mwanya. Mwaka 1990 alitangaza fagio la chuma, akawataka mawaziri wote wajiuzulu, kisha akaunda baraza jipya bila baadhi yao. Baada ya hapo fagio lilichakaa haraka. Hakuwa mtu wa kufukuza, wala wa kukaripia. Kwenye kiti kile, kutokukaripia kuna gharama, na tulizilipa sisi.

Upole huohuo, hata hivyo, ulishawahi kuiokoa nchi. Mwanzoni mwa 1984, Zanzibar ilipopitia kile kilichoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa kisiasa na Rais wake, Aboud Jumbe, akang'oka, aliyepelekwa kutuliza mambo alikuwa Mwinyi. Alituliza. Mwaka uliofuata, Novemba 5, akaapishwa kuwa Rais wa Muungano, akirithi kiti cha Nyerere, mtu asiyeweza kurithiwa. Mwenyewe alijifananisha na kichuguu kilichowekwa kando ya Mlima Kilimanjaro. Sijui viongozi wangapi wangekubali kuitwa kichuguu, sembuse kujiita.

Darasani mwaka jana binti mmoja alinibana. Kama upole ndio uliomponza, akasema, basi hiyo si tabia njema, ni udhaifu uliovikwa jina zuri. Ni hoja nzito. Nilimrudisha nyuma, 1976.

Mwaka huo, katika msako wa wauaji wa vikongwe mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi wakafia mikononi mwao. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mwinyi. Hakuna aliyemtuhumu kwamba aliamuru wala kwamba alikuwepo. Alijiuzulu. Si yeye peke yake aliyeondoka kwa sakata lile, lakini ni jina lake lililobaki kuwa mfano, kwa sababu hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: polisi ni wa wizara yangu, waliokufa wamekufa chini yangu. Akapelekwa ubalozini Misri, na kwa wengi wetu hapo ndipo jina la mwanasiasa huzikwa.

Nilimwambia binti yule kwamba mtu dhaifu hung'ang'ania. Mwinyi aliachia mara mbili: uwaziri akiwa hana mkono kwenye kosa, na urais mwaka 1995 akiwa Rais wa kwanza wa Muungano kufikia ukomo wa vipindi viwili. Novemba 23 alimkabidhi Mkapa nchi, akijua fika kwamba kampeni nzima ya mrithi wake ilijengwa juu ya makosa yake yeye. Hakununa hadharani wala hakujibu mapigo.

Machi 2009, kwenye Baraza la Maulid pale Diamond Jubilee, kijana alipanda jukwaani akamzaba kofi kwa kukasirishwa na maneno yake kuhusu kujikinga na ukimwi. Mzee wa miaka 83. Kijana akaondolewa, mzee akaendelea na hotuba.

Sitampamba kupita kiasi. Mwaka 2017 alisema kwamba isingekuwa katiba angependekeza John Magufuli awe rais wa siku zote, na mimi niliyekuwa nikimtolea mfano wa ukomo wa madaraka nilishika kichwa. Wanafunzi hunikumbusha kauli ile kila mwaka, na wana haki.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari. "Sawa, Mwalimu, 1976 umenijibu. Na maisha je? Mama anasema kabla yake sukari ilikuwa ya foleni. Yeye alipokuja ikapatikana?"

Ilipatikana, nikamwambia. Ilijaa madukani, na sabuni, na mitumba ya kila rangi. Hela ya kuinunulia ndiyo tuliyokuwa hatuna.