Uhalisia katika uchoraji: mpasua mawe anapopewa turubai kubwa

Wengi wakisikia neno uhalisia hudhani ni mchoro unaofanana na picha ya kamera. Lakini kufananisha uso na mwenyewe wachoraji walikwishakujua zamani. Uhalisia uliozuka Ufaransa katikati ya karne ya 19 ulihusu swali jingine: nani anastahili kuchorwa, tena kwa ukubwa gani?

Desturi ilitenga turubai kubwa kwa wafalme, watakatifu na vita vya kale. Mkulima alipata kipicha kidogo cha kupamba sebule. Mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya mapinduzi yaliyomng'oa mfalme, Gustave Courbet aliwakuta watu wawili wakipasua mawe ya barabara karibu na kwao Ornans. Akawaita studioni, akawachora kwenye turubai yenye upana wa mita mbili na nusu hivi.

Itazame taratibu. Mzee kapiga goti moja, nyundo iko juu, soksi zimetoboka visiginoni. Kijana kaegemeza kapu la mawe pajani, shati limechanika, suruali inashikiliwa na ukanda mmoja begani. Nyuso zao huzioni: mmoja kafunikwa na kofia, mwingine katupa mgongo. Pembeni kuna sufuria na kijiko, ndicho chakula chao cha mchana. Kinachoniumiza ni umri wao. Mmoja ni mzee mno kwa kazi ile, mwingine ni mdogo mno, na Courbet mwenyewe aliandika kwamba katika hali hiyo mtu huanza hivi na kuishia vile.

Picha hiyo iliteketea vitani mwaka 1945, karibu na Dresden, Ujerumani. Leo tunaijua hasa kupitia picha za kamera.

Jean-François Millet naye, mwaka 1857, alichora wanawake watatu wakiokota masazo shambani, haki waliyoachiwa maskini baada ya mavuno. Migongo imepinda. Mbali nyuma yao kuna marundo makubwa ya ngano, na msimamizi juu ya farasi. Wakosoaji wengine waliona humo tishio la uasi.

Gustave Caillebotte akaileta kazi mjini. Mwaka 1875 alichora mafundi watatu vifua wazi, wamepiga magoti wakikwangua sakafu ya mbao, maranda yamejikunja kando yao na chupa ya mvinyo iko karibu. Waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris waliikataa. Mwaka uliofuata akaitundika kwenye maonyesho waliyojiandalia wachoraji akina Monet na Degas.