Kwa nini nyigu wa Kenya alipelekwa California kulinda zeituni?

Je, wajua kwamba nyigu mdogo kutoka msitu wa Burguret, karibu na Mlima Kenya, alisafirishwa hadi California kupambana na nzi wa zeituni?

Nzi huyo, mwenye urefu wa milimita 5 hivi, alionekana California kwa mara ya kwanza mwaka 1998, jijini Los Angeles. Jike hutoboa tunda, hutaga yai, kisha huhamia tunda jingine, na maishani mwake anaweza kutaga mayai mamia. Funza akishaanguliwa hula nyama ya tunda kwa ndani. Zeituni ya kula ikiwa na funza haiuziki, na ile ya kukamuliwa hutoa mafuta yenye tindikali nyingi na ladha mbovu. Viuatilifu vinavyopenya hadi ndani ya tunda vimekatazwa katika kilimo hai, kwa hiyo mkulima hana budi kumwahi nzi kabla hajataga.

Humnasa kwa njaa yake. Jike huhitaji protini ili mayai yapevuke, hivyo mkulima hutundika mtini chupa ya plastiki yenye maji na hamira, iliyotobolewa matundu madogo upande wa juu. Nzi hufuata harufu, huingia na kuzama. Mtego huu, uitwao Olipe, ulibuniwa na wakulima wa Los Pedroches, Uhispania, na nauona kuwa ubunifu mkubwa, kwani mtu yeyote anaweza kuutengeneza. Wengine hupulizia matunda udongo mweupe wa kaolini ili jike asiyatambue, au huvuna mapema. Muhimu pia ni kuokota zeituni zilizosalia baada ya mavuno, maana ndimo kizazi kijacho kinamoanzia.

Lakini California ina mizeituni mingi ya mapambo barabarani na majumbani. Nani ataitundikia chupa yote hiyo? Ndipo watafiti walipomtafuta adui wa asili wa nzi, na wakaja Afrika, ambako mzeituni mwitu, Wakikuyu wauita mutamaiyu, huota pamoja na nzi huyo na maadui zake. Nyigu waliyemchukua Kenya, Psyttalia lounsburyi, huingiza mrija wake wa kutagia ndani ya tunda hadi kwenye mwili wa funza. Mtoto wa nyigu akianguliwa humla funza huyo.

Tatizo ni unene wa tunda. Zeituni mwitu ni ndogo, nyama yake nyembamba. Zile za shambani zimechaguliwa kwa karne nyingi ziwe nene, na funza akizama ndani sana mrija wa nyigu haumfikii. Nyigu ameshapata makazi katika maeneo ya pwani ya California, na hufanikiwa zaidi kwenye zeituni ndogo. Kwenye zeituni kubwa za mezani, mkulima bado anategemea mitego na udongo wake mweupe.