Kuomba kumbukumbu kwa sherifu wa kaunti ya mashambani Texas: dhana potofu na ukweli

Texas ina kaunti 254, na kila moja ina sherifu wake aliyechaguliwa kwa kura. Loving, iliyo ndogo kuliko zote kwa idadi ya watu, ilikuwa na wakazi 64 tu katika sensa ya 2020. Kaunti za mashambani kama hizo ndizo zinazokatizwa na barabara za I-10, I-20 na I-40, na humo ndimo dereva wa trela aliyetoka Dallas au familia ya Kikongo inayoishi Abilene hujikuta ikihitaji karatasi ya polisi: ya kupeleka bima, ya kumpa mwanasheria, au ya kujua ndugu alifariki vipi. Ushauri unaopitishwa mdomo kwa mdomo kuhusu jambo hili umejaa makosa, na makosa hayo hula miezi ya watu. Yaliyoandikwa hapa ni ya Texas. Kila jimbo lina sheria yake.

"Andika ombi la FOIA"

FOIA ni sheria ya uhuru wa taarifa ya serikali kuu, ya mwaka 1966. Inazihusu ofisi kama FBI na idara za uhamiaji, haimhusu sherifu. Sherifu wa Texas anabanwa na Sheria ya Taarifa za Umma ya jimbo, sura ya 552 ya Kanuni za Serikali. Ukikosea jina la sheria ombi lako halifi, maana hulazimiki kutaja sheria yoyote. Hatari ni kwamba mtu anayedhani yuko chini ya FOIA huhesabu siku za FOIA na kupeleka rufaa kusikohusika, huku muda wake halisi ukiyoyoma.

"Ajali ilitokea kaunti yao, basi ripoti iko kwa sherifu"

Hapa ndipo wengi hupotea. Nje ya mipaka ya miji, ajali nyingi za Texas huandikwa na askari wa barabara kuu wa jimbo, walio chini ya DPS, idara ya usalama wa umma ya jimbo. Naibu wa sherifu, yaani askari wake, anaweza kuwa wa kwanza kufika, akaelekeza magari na kukupa maji, lakini mwandishi wa ripoti ni mwingine. Kabla ya kuandika ombi, soma karatasi uliyopewa barabarani: ina nembo ya nani?

Ripoti ya ajali yenyewe huitwa CR-3. Huandikwa pale mtu anapoumia au kufa, au hasara ya mali inapofika dola 1,000, na askari anapaswa kuiwasilisha kwa idara ya uchukuzi ya jimbo, TxDOT, ndani ya siku 10. Huko ndiko inakonunuliwa, kwa mtandao: dola 6 nakala ya kawaida, dola 8 iliyothibitishwa. Ukiitafuta siku ya tatu na usiione, haijapotea, bado haijaingia. Nakala kamili hupewa wahusika, yaani waliokuwemo katika ajali, bima zao, wanasheria wao. Wengine hupata iliyofutwa taarifa binafsi.

Kwa sherifu hubaki vitu vingine: orodha ya simu na miito ya siku hiyo, video kama naibu wake alikuwa na kamera, na kumbukumbu za jela kama mtu alikamatwa. Sauti ya simu ya 911 inaweza kuwa kwa sherifu au kwenye kituo cha simu kinachohudumia kaunti kadhaa, kwa hiyo uliza kwanza. Tiketi ya faini iko mahakamani kwa hakimu wa amani, na mahakama haziguswi na sura ya 552. Kule unafuata utaratibu wa mahakama. Tena katika kaunti nyingi za mashambani hakuna daktari mchunguzi wa vifo. Hakimu huyohuyo wa amani ndiye anayefanya uchunguzi wa kifo na kuamua kama maiti ipasuliwe. Familia inayofuatilia kifo cha ndugu iende kwake mapema, isisubiri sherifu.

"Nitaomba kila walicho nacho chenye jina lake"

Ombi la aina hiyo linaonekana limefunga kila mlango, kumbe ndilo rahisi kukataliwa. Kwa tafsiri ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, mkusanyo wa historia ya jinai ya mtu aliyetajwa kwa jina unalindwa na faragha yake, hata kama kila karatasi peke yake ingeweza kutolewa. Ukiomba "rekodi zote za fulani", kila ripoti inayomtaja kama mtuhumiwa au mshtakiwa inaweza kuzuiwa.

Omba kwa tukio badala ya jina. Andika tarehe, saa hata ya kukadiria, mahali (namba ya barabara na jiwe la maili hutosha kule ambako hakuna anwani), aina ya tukio, na namba ya kesi kama unayo. Kisha taja karatasi moja moja: ripoti ya tukio pamoja na nyongeza zake, orodha ya miito, kumbukumbu ya kuingizwa jela, picha, sauti, video. Ripoti ya kwanza huwa fupi. Maelezo ya mashahidi mara nyingi yamo kwenye nyongeza zilizoandikwa siku za baadaye, na asiyezitaja anaweza kuletewa ukurasa mmoja.

Ikiwa kumbukumbu ni zako mwenyewe, sema hivyo waziwazi. Kifungu cha 552.023 kinakupa haki ya pekee juu ya taarifa zilizofichwa kwa ajili ya kulinda faragha yako tu. Mwakilishi uliyemwandikia idhini anayo haki hiyohiyo, ambatanisha idhini hiyo.

Na usiulize maswali. "Kwa nini naibu alinisimamisha?" ni swali la haki kabisa, ila sheria haimlazimishi sherifu kulijibu wala kutunga karatasi mpya. Inamlazimisha kutoa zilizopo.

"Nimepiga simu, wamesema watatuma"

Simu haikuanzishii muda wowote. Ombi liwe la maandishi: kwa posta, kwa barua pepe, au kwa mkono. Ofisi inaruhusiwa kuteua anwani moja ya posta na moja ya barua pepe za kupokelea maombi, na ikishateua, ombi lililotumwa kwa anwani nyingine, au kwa ujumbe wa Facebook, halihesabiwi. Piga simu kwa ajili ya kuuliza anwani hizo tu. Katika ofisi ambamo karani mmoja hupokea simu, huandikisha mahabusu na kutoa nakala, sauti ya upole kwenye simu hiyo inasaidia pia.

"Wataniuliza nazitakia nini, na kama mimi ni raia"

Texas haidai uwe raia wala mkazi wa jimbo. Si hivyo kila mahali: Virginia na Tennessee huwapa haki hiyo watu wao tu, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu ubaguzi huo mwaka 2013 katika kesi ya McBurney dhidi ya Young. Ofisi ya Texas hairuhusiwi kukuhoji sababu. Inaweza kuomba ufafanuzi, na inaweza kutaka kujua wewe ni nani, jambo lenye maana hasa unapoomba zako mwenyewe. Kumbuka tu kwamba ombi lako nalo huwa kumbukumbu ya umma. Hakuna ulazima wa kufika ofisini. Asiye na utulivu kuhusu karatasi zake za ukaazi atumie posta au mwanasheria.

Mfungwa ndiye aliyetengwa: ofisi hailazimiki kumjibu aliye kizuizini. Hilo halimzuii mwanasheria wake.

"Siku kumi zikipita, wamevunja sheria"

Siku 10 za kujibu ombi ni za kazi, na kuanzia 2023 sheria inaeleza ipi ni siku ya kazi: Jumamosi, Jumapili na sikukuu za taifa na za jimbo hazimo, na ofisi inaweza kujiondolea siku nyingine zisizozidi 10 kwa mwaka. Ndani ya siku hizo ofisi ina njia tatu halali. Inatoa kumbukumbu, au inakuandikia kwamba haziwezi kuwa tayari na kukupangia tarehe, au inamwomba Mwanasheria Mkuu wa jimbo ruhusa ya kuzizuia. Kwa njia ya tatu, Mwanasheria Mkuu ana siku 45 za kazi za kuamua, na anaweza kujiongezea 10. Ndiyo sababu ombi la Machi hujibiwa Juni bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Barua ya kuomba uamuzi huwatisha watu, wakaiweka kando wakidhani wamenyimwa. Bado hujanyimwa. Ofisi inapaswa kukutumia nakala ya hoja zake, nawe una haki ya kumwandikia Mwanasheria Mkuu hoja zako ukitaja namba ya faili. Angalia kwanza tarehe: ofisi iliyochelewa kuomba uamuzi, kumbukumbu zake huchukuliwa kuwa za wazi isipokuwa kuwe na sababu nzito, kama siri iliyowekwa na sheria nyingine. Kuchelewa ndilo kosa la kawaida la ofisi ndogo, hivyo hifadhi bahasha na kichwa cha kila barua pepe.

Muda unakubana na wewe. Ukiombwa ufafanuzi kwa maandishi na usijibu hadi siku ya 61, ombi huhesabiwa kuwa umeliondoa. Kwa gharama ni mbaya zaidi, kama inavyofuata.

"Ni bure" na "ni maelfu ya dola"

Nakala ya karatasi ya kawaida ni senti 10 kwa ukurasa. Kwa kurasa 50 au pungufu kwa kawaida hutozwi kazi ya karani. Zikizidi, ni dola 15 kwa saa. Makadirio yakipita dola 40 ofisi lazima ikutumie mchanganuo kwa maandishi, na una siku 10 za kazi za kujibu kwamba unakubali, unapunguza ombi, au umelalamika kwa Mwanasheria Mkuu. Ukinyamaza, ombi limekufa. Ofisi yenye wafanyakazi wa kudumu chini ya 16, na za mashambani ziko nyingi za hivyo, inaweza kudai amana makadirio yakizidi dola 50. Ofisi kubwa zaidi, hadi yazidi dola 100. Andika ndani ya ombi lenyewe: "Nakubali kulipa hadi dola 40, ikizidi, nijulisheni kwanza."

Video ya kamera ya kifuani ina masharti yake. Lazima utaje tarehe na saa ya kukadiria, mahali mahususi, na jina la angalau mtu mmoja anayejulikana kuwemo. Ada inaweza kuwa dola 10 kwa rekodi na dola 1 kwa dakika. Muda wa chini wa kutunza video ni siku 90, na hazikusubiri: tuma ombi la video wiki ya kwanza, hata kama mengine hujayajua.

"Kesi ikifungwa, kila kitu kinakuwa wazi"

Kwa Texas ni karibu kinyume chake. Kifungu cha 552.108 kinamruhusu sherifu kuzuia faili la uchunguzi ambao haukuishia kwenye hukumu ya hatia au kuahirishiwa hukumu kwa masharti. Mashtaka yakifutwa, au mtuhumiwa akifa, faili linaweza kufungiwa daima. Ni kifungu kikatili kwa familia ya mtu aliyefia mikononi mwa askari: aliyekufa hahukumiwi kamwe. Baada ya mauaji ya shuleni mjini Uvalde, Texas, ya Mei 24, 2022, yaliyoua watoto 19 na walimu 2, aliyekuwa Spika wa Bunge la jimbo, Dade Phelan, alisema hadharani kwamba angependa mwanya huo uzibwe.

Hata hivyo neno ni "anaweza". Sherifu anaweza pia kuamua kutoa. Na kuna kiini asichoweza kukizuia kwa kifungu hicho, kilichotokana na kesi ya gazeti la Houston Chronicle dhidi ya jiji la Houston: nani alikamatwa, lini, wapi, kwa kosa gani, dhamana kiasi gani, majina ya askari waliohusika, na maelezo ya kina ya tukio. Kwa Kiingereza huitwa basic information; andika maneno hayo kwenye ombi na utake yatolewe mara moja, bila kungoja uamuzi. Kumbukumbu za watoto na za uchunguzi wa unyanyasaji wa watoto ziko chini ya Kanuni za Familia, na huko ulinzi ni mkali zaidi.

"Barua ya sherifu ni cheti cha tabia njema"

Barua ya sherifu inasema tu kilichomo, au kisichomo, kwenye daftari la kaunti yake. Ubalozi au mwajiri anayetaka historia ya Marekani nzima anataka muhtasari wa FBI: dola 18, pamoja na alama za vidole. Kwa sherifu unaweza kuchukuliwa alama hizo kwenye kadi ya FD-258, kama ofisi yake inatoa huduma hiyo. Piga simu uulize siku na saa, kwa maana ofisi ndogo hazichukui alama kila siku.