Je, wajua kwa nini bolti moja hupandisha pua ya pikapu?

Ukichungulia chini ya Toyota Hiace nyingi, au Hilux nyingi zilizotangulia toleo la Vigo la 2004, huoni springi za koili mbele. Utaona fimbo mbili ndefu za chuma, moja kila upande, zimelala kuelekea nyuma. Hizo ndizo tosheni baa. Tairi likipanda tuta, fimbo husokoteka. Tuta likipita, hujirudi.

Ncha ya mbele imeshikana na mkono unaobeba gurudumu. Ya nyuma imeingia kwenye kipande kifupi cha chuma kinachoegemea bolti ndefu kwenye chesisi. Ukikaza bolti, ncha ya nyuma inazunguka kidogo, mkono unasukumwa chini, gari linainuka.

Wengi huamini kwamba kukaza huko kunaongeza ugumu wa springi. Sivyo! Ugumu unatokana na unene, urefu na aina ya chuma, na bolti haigusi hata kimoja. Kinachobadilika ni pale mkono unapokaa. Basi mbona gari lililopandishwa mno hurusha abiria? Kwa sababu mkono umebakiwa na nafasi ndogo ya kushuka. Kila shimo unagonga raba ya kikomo, na shokapu nayo imeshanyooka karibu mwisho wake. Kwenye 4WD, jointi za ekseli hufanya kazi zikiwa zimepinda kupita kiasi na buti zake, yaani mipira inayozifunika, hupasuka mapema.

Bolti hiyo imebeba nguvu kubwa, kwa hiyo usiikaze gari likiwa limesimama kwa tairi zake, nyuzi za bolti zitalika. Egesha pahali tambarare, weka upepo sawa, zuia tairi za nyuma kwa magogo, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili. Piga jeki kwenye chesisi mpaka magurudumu yaning'inie, na uweke stendi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, tia grisi, weka alama ya rangi ujue ulipoanzia, halafu zungusha mara moja au mbili tu. Bolti iliyoliwa na kutu mpelekee fundi.

Ukishusha gari, liendeshe kidogo kabla ya kupima tena, maana likitoka kwenye jeki hukaa juu kuliko kawaida yake. Ukiridhika na kimo, nenda moja kwa moja ukafanye alaimenti, yaani kupanga upya mwelekeo wa magurudumu: mkono ukihama, tairi nalo huinama, na litalika upande mmoja.